Kuku Niliyempeleka Msibani

Wazee, shikamooni. Wa kanisani na wa msikitini nawasalimu kwa pamoja, maana nikianza kuzigawa salamu nitapata sababu ya kurudi kukaa.

Ninyi mnanijua kwa kuku. Mbegu yangu niliachiwa na marehemu mama, na tetea wake mwekundu nilimpenda kupita kiasi. Wanangu walisema ningeweza kumtandikia kitanda. Hawakukosea sana, maana alikuwa analala jikoni karibu na mafiga.

Kiangazi kimoja kuku wangu wakaanza kupiga chafya. Nikasema ni vumbi la barabara ya Shelui. Ndugu zangu, nawaambia, mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Siku hizohizo jirani yangu akafiwa na mumewe. Kwetu huendi msibani unapunga mikono, unabeba kuku. Nikawatazama wale wazima, roho ikaniuma. Nikamkamata mmoja aliyekuwa ameanza chafya, nikamfunga miguu, nikaenda naye. Mnaniangalia hivyo? Niangalieni tu, nilistahili.

Wiki haikuisha, banda la jirani likaugua. Nyuso zilivimba, makamasi yakanuka, macho yakagandana. Kuku asiyeona hawezi kula. Walikonda mpaka wakaisha wote. Mjane yule akawa anaamka kwenye nyumba isiyo na mume na uwanja usio na kuku, na mimi nikapita mlangoni kwake nikimpa pole kama sijui kitu.

Kisha na wangu wakavimba. Nilisikia eti maji ya tumbaku yanasafisha macho, nikamkamulia tetea wa mama jichoni. Alipiga kelele ambayo sijaisahau. Jicho lile likafa.

Jirani alinisikia nalia. Akaja na chupa ya chai iliyojaa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na kitambaa safi.

"Bwana mifugo alinielekeza, ila wangu walikuwa wameshakwisha," akasema. "Usibandue kwa nguvu, mama. Lowesha, subiri, ndipo ufute."

Tukawatenga wagonjwa. Bwana mifugo akaja, akatoa dawa ya kuweka kwenye maji ya kunywa, akakataza mayai yasiliwe mpaka atakaporuhusu. Jirani alikuja kila asubuhi, akawaosha macho, akawalisha uji kwa mkono. Kuku wangu! Siku ya tatu nikashindwa kuvumilia.

"Mama, ugonjwa niliuleta mimi. Kuku wa msibani alikuwa anaumwa na nilijua."

Alimaliza kufuta jicho alilokuwa analifuta, akasuuza kitambaa.

"Nilimsikia akipiga chafya wakati unamshusha," akasema. "Nilikuwa nimetoka kuzika. Ningepata wapi akili ya kumtenga kuku?"

Ndugu zangu, afadhali angenipiga.

Tetea wa mama alikufa wiki hiyohiyo. Waliopona ni wanne. Nilitaka kumpa jirani wote, lakini bwana mifugo akatukataza: aliyepona anaweza kuubeba ugonjwa ndani yake na kuwaambukiza wengine. Kwa hiyo watazeekea kwangu, na mbegu ya mama itaishia hapo. Nimelia, nimekubali.

Namshukuru bwana mifugo aliyekuja na pikipiki yake bila kunikaripia. Namshukuru jirani yangu. Yumo humu, simtaji, na naomba msigeuke kumtafuta. Mama, kesho yake baada ya mimi kukiri, ulirudi na ile chupa. Sikutegemea kukuona tena mlangoni kwangu.

Chafya ya kwanza, mtenge kuku na umwite mtaalamu. Jicho lioshe kwa maji ya uvuguvugu, tumbaku waachie wavutaji. Na ukisikia msiba huku banda lako linaumwa, nenda mikono mitupu, ukae na mfiwa. Yeye alikuwa ananihitaji mimi, mimi nikampelekea kuku.