Babu wa Mfalme

Benchi letu liko nje ya duka la Rosaire, linatazama kanisa na Mto Saint-Laurent, na kila siku baada ya misa tunakaa watatu na kahawa zetu kubishania mambo tusiyoyajua. Kuna mimi. Kuna Askofu wa utani, ambaye kugonga kengele ya kanisa miaka thelathini kumempanda kichwani. Na kuna Normand Brisebois, tunayemwita Mfalme tangu aanze kutafuta mababu zake waliotoka Ufaransa. Mwaka mzima amefukua vitabu vya ubatizo. Jumapili hii anazindua jiwe la babu wa ukoo, na ndugu mia na arobaini wanakuja, wakiwemo wale wa mjini waliokuwa wakimwita mtoto wa zizini. Jiwe lenyewe limeshasimama uani kwa kanisa, limechongwa: mwanajeshi, upanga, sharubu.

— Oktoba 1698, akaanza Mfalme. Pierre. Baba wa ubatizo ni bwana mwenye ardhi yote hii. Na desturi mnaijua, mtoto alichukua jina la baba wa ubatizo.

— Kuchukua jina si kuchukua damu, nikamwambia.

— Bwana mkubwa hagawi jina lake kwa makapuku.

— Hapo pana jambo, akasema Askofu. Yule mtoto ni wake. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu.

— Methali hiyo inasema kinyume, Askofu.

— Inategemea kitanda.

Mfalme hakukasirika hata kidogo. Kuitwa mjukuu wa haramu kulimpendeza, mradi haramu yenyewe iwe ya bwana mkubwa.

— Na jeshini alipewa jina la pili, Lafortune, akaongeza. Mwenye Bahati.

— Kila askari alipewa jina la pili, mzee. Kina Lafortune walikuwa wengi kama kunguru.

— Huyu alilinda hazina ya mfalme wa Ufaransa, akasema Askofu. Naamini imefukiwa chini ya mnara wangu. Kengele ina mlio wa dhahabu.

— Dhahabu ina mlio gani?

— Ungegonga miaka thelathini ungejua.

Hapo akaja mama mmoja mwenye miwani, bahasha kwapani. Akatusalimia kwa mkono, mmoja baada ya mwingine.

— Solange Brisebois, binamu kutoka mji wa Trois-Rivières. Nimewahi. Wewe ndiye Normand? Nimeona jiwe.

— Umelionaje, dada?

— Kubwa. Kitabu cha mazishi ulikisoma?

— Cha nini? Nilikuwa natafuta waliozaliwa.

Solange akatoa karatasi, akamwekea magotini.

— Pierre wa Oktoba alizikwa ana siku tisa. Mwaka uliofuata akazaliwa mwingine, wakampa jina la marehemu, kama wazee walivyofanya kila walipofiwa. Huyo wa pili ndiye aliyetuzaa. Baba yake wa ubatizo alikuwa mchunga nguruwe.

— Siku tisa, nikasema. Na tumemchongea sharubu.

Nilicheka peke yangu. Askofu alisema haba na haba hujaza kibaba, na hakuna aliyemuuliza ana maana gani.

— Jumapili watanicheka, akasema Mfalme. Wale wa mjini. Watacheka mpaka walie.

— Watacheka, nikakubali. Hata mimi singejizuia.

Solange hakuwa anatusikiliza. Alikuwa anatazama ua wa kanisa.

— Nilitaka kumwekea maua, akasema. Huyo mdogo amelala wapi?

 Askofu, aliyegonga kengele ya mazishi ya nusu ya parokia hii, akaanza kuonyesha makaburi kwa kidole, hakulipata la mtoto huyo.  Mfalme aliisoma ile karatasi tena, polepole, kidole chini ya kila neno.

— Mwaka mzima namtaja, akasema. Sijamwombea hata siku moja.