Sista Imakulata na Sheria ya Miaka Mitatu

Ijumaa, tarehe 28 Juni 1985, muuguzi wetu, Sista Imakulata Shilinde, anastaafu baada ya kuwahudumia akina mama wa Tabora kwa miaka ishirini na mitatu. Alizaliwa Lusu, Nzega, katika familia ya wakulima Wakatoliki, na alifika kwenye kliniki yetu ya Isevya mwaka 1962, bendera mpya ikiwa bado haijapauka.

Tuliofanya naye kazi tunajua kwamba hawezi kutulia. Chai huinywa amesimama. Mwenyekiti akirefusha hotuba, Sista utamkuta nje, anapima watoto.

Uzazi wa majira ulipoanza kuhubiriwa, yeye ndiye aliyeupeleka kijijini Kwihara kwa baiskeli. Mkulima mmoja, Mzee Masolwa, alimkabili mbele ya watu. “Sista, Serikali inatuambia tulime zaidi, halafu inatuambia tuzae kwa mpango. Jembe atashika nani?”

“Mkeo akifa kwa kuzaa mfululizo, Mzee, utashika wewe jembe, ndoo na mtoto,” alijibu. Watu walicheka, Masolwa naye akacheka, na siku ya kliniki iliyofuata alimleta mkewe mwenyewe.

Kwa hiyo ilipokuja sheria ya kumpa mtumishi likizo ya uzazi yenye malipo mara moja tu kila miaka mitatu, Sista aliipokea kwa mikono miwili. Aliona Serikali imemsaidia kazi. Kila mama mtumishi aliyeingia alimwuliza kwa sauti, “Miaka mitatu imetimia?” Wengine walicheka. Wengine hatukuwaona tena.

Mmojawapo alikuwa Mwanahawa, karani wa ghala moja la mazao hapa mjini. Mwaka 1978 alishika mimba na mwanawe wa kwanza angali ananyonya. Alijibana tumbo kwa kanga chini ya gauni, akajifungulia nyumbani, na juma lililofuata akarudi kazini. Likizo ile isingekuwa na mshahara, na mumewe hakuwa na kazi. Kitoto kilibaki kwa bibi yake, kikinyweshwa uji mwepesi kwa chupa. Kilipoletwa kwetu kilikuwa kinaharisha, macho yamezama, hakina hata nguvu ya kulia.

“Kwa nini hukuja kliniki muda wote ule?” Sista aliuliza huku akitafuta mshipa.

“Ningekujaje, Sista? Ungeniuliza miaka mitatu.”

Sista alitundika dripu, akavuta kiti, akaketi kando ya mtoto. Tuliokuwepo hatukuwa tumemwona ameketi kabla ya siku hiyo.

Mtoto alipopata nafuu, Sista alimbeba mwenyewe hadi ghalani, akaingia moja kwa moja kwa meneja, Ndugu Mayala.

“Sista, watoto hawaingii ofisini,” Mayala alisema.

“Ndiyo sababu huyu nusura afe.”

“Sheria sikuitunga mimi.”

“Wala mimi, Ndugu. Lakini nimeihubiri. Sasa niambie, huyu aliyekuja kabla ya miaka mitatu anyonye nini?”

Mayala alikuwa baba wa watoto saba. Likizo hakuweza kuitoa, na alisema hivyo. Lakini alitoa chumba kidogo nyuma ya mizani, na ruhusa ya Mwanahawa kunyonyesha asubuhi na mchana. Mtoto huyo, Lukumani, mwaka huu ameanza darasa la kwanza.

Sista hakupongezwa. Alionywa kwa kuingilia kazi za wengine, akahamishiwa zahanati ya kijijini kwa miaka miwili. Aliporudi aliendelea kufundisha uzazi wa majira kwa bidii ileile, kwani aliwaona wanawake wengi mno waliochoka kwa kuzaa. Ila lile swali lake hakuliuliza tena. Mama akiingia na mimba, ya mpango au isiyo ya mpango, humwuliza kwanza, “Umekula?”

Sheria ingalipo. Wanawake wangali wanahesabu miezi kwa hofu, na wengine wanaficha matumbo katika ofisi tunazozijua. Mimi ninayeandika haya, Swaumu Nassibu, muuguzi mwenzake, nina mimba, na mwanangu wa kwanza ndiyo kwanza anasimama dede. Likizo yangu itakuwa bila mshahara.

Sista alijua kabla sijamwambia. Juzi alinivuta kando akasema, “Ukirudi kazini, huyo mtoto mlete kwangu nyumbani. Nitakuletea hapa kliniki unyonyeshe, wakubwa wapende wasipende.” Nilimshukuru, machozi yakinitoka. Lakini sijatulia tangu siku hiyo, maana wenzangu ni wengi, na Sista Imakulata ni mmoja tu.

Asante, Sista wetu. Mungu akujalie afya, nyumba yenye amani na umri mrefu. Nenda salama, na sisi tunaobaki utuombee ujasiri.