Mastura binti Nasr na Malkia wa Pili

Wazee wetu, ndugu na jamaa mliokusanyika hapa Al Amerat, tulieni msikilize habari za mwenzetu Mastura, ingawa yeye mwenyewe alikuwa hawezi kumsikiliza mtu bila ya kumdakia maneno.

Marehemu alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 14 Juni 1973, akaletwa Muscat mwaka 1981, akasoma Wattaya mpaka akamaliza sekondari mwaka 1991, kisha akaajiriwa Wizara ya Kilimo hadi alipostaafu mwaka 2016, mkali, msema kweli, na wakubwa wake wakimkimbia.

Tarehe 5 Februari 1998 aliolewa na Bwana Khalil akiwa mke wa pili, akaingia nyumba ya Qurum akitarajia ugomvi, lakini bi mkubwa, Bi Sayyida, alimpokea kwa mikono miwili, akamvua baibui mwenyewe, na watoto walipokuja, Fajr na Hadeel, wakawa na mama wawili.

Alipostaafu alijenga banda la nailoni la kupandia tungule, yaani nyanya, hapa Al Amerat, akaagiza kutoka Ulaya sanduku la nyuki wanene wenye manyoya, wa kuchavushia maua, ijapokuwa mwaka 2019 nyuki mmoja alimvimbisha koo nusura tumzike, na daktari akamkataza kabisa asiwaguse, basi nani wa kumkataza Mastura!

Februari 2025 akaona humo malkia wa pili, mkubwa zaidi, mbawa nyeusi, na Bwana Khalil aliposoma kuwa huyo ni nyuki mporaji wa hukohuko Ulaya, asiyejenga wala kukusanya chavua, ambaye huingia kwa wenziwe, humuua malkia, kisha huwatumikisha wafiwa wamlelee wanawe, akataka kumponda. Mastura akawaka, akasema bi mdogo hapondwi mlangoni, hata yeye aliikuta nyumba ina mwenyewe.

Asubuhi ya tarehe 9 Machi alisikia vurugu sandukuni, akafungua, lahaula, nyuki wake wametapakaa, wengine hawana vichwa, na malkia wawili wanabingirishana, mmoja akitafuta upenyo wa kumchoma mwenziwe tumboni. Glavu zilimzuia kushika, akazivua, akatia mkono mtupu, wakamchoma mpaka kiwikoni, naye akang'ang'ania, akamkamata mmoja na kumfinya ngumini, akitukana matusi ambayo hapa si mahala pake. Koo likafunga, Bwana Khalil akaendesha gari kama mwendawazimu, lakini roho ilitoka njiani.

Bi Sayyida ndiye aliyemwosha, na ameruhusu hili lisemwe: ngumi ile ilikataa kufunguka, akaibembeleza kidole kimoja kimoja, na ndani alikuwamo malkia mwenye nyumba, si mgeni; kama alikosea au alikusudia, Mola ndiye ajuaye. Mgeni alikuwa sandukuni, mzima, anataga. Bi Sayyida alichemsha birika, akalimimina lote humo, kisha akakaa chini, akalia kwa sauti.

Tunawashukuru madaktari waliotupokea, majirani waliopika siku zote tatu, na wafanyakazi wenziwe wa zamani waliobeba jeneza.

Mastura, lala salama, Mola akupe kivuli chake. Bi Sayyida anasema tukwambie, wewe hukuwa mgeni hata siku moja.