Bwana Kirudi na Kiti Alichokichukia Mkewe

Ndugu, majirani, na nyinyi wafanyakazi wenzake mliosimama nyuma kwa kukosa viti, aibu ambayo marehemu asingetusamehe, poleni kwa msiba, na familia inaomba mtege sikio msikie maisha ya shemeji yetu, mume wa dada yetu, ambaye kiwandani mlimwita Bwana Kirudi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1952 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa nne wa fundi seremala, akasoma shule ya msingi papo hapo mtaani, kisha sekondari ya ufundi, alikomaliza mwaka 1970 akiwa wa kwanza katika useremala na wa mwisho katika usafi wa bweni, kwa kuwa chini ya kitanda chake yalikutwa madirisha mabovu ya shule nzima.

Mwaka 1973 aliajiriwa kiwanda cha samani, akapanda hadi meneja wa ugavi, na hapo ndipo alipowatia wakubwa kichaa, maana wenzake walipohangaika kutafuta mbao mpya, yeye alituma lori kununua viti vibovu ambavyo kiwanda chenyewe kilikuwa kimeviuza, akavifumua, mbao zikawa viti tena, sponji zikawa mito, misumari ikanyooshwa, wakurugenzi wakamcheka wee, mpaka mbao zilipopanda bei na kiwanda cha jirani kikafunga mlango, ndipo wakaanza kumpeleka kwenye semina akafundishe uchumi mzunguko, ambao yeye aliueleza kwa kusema tu kwamba kitu kikitoka, kirudi.

Tarehe 5 Novemba 1977 alimwoa dada, akamletea kiti alichokiunda mwenyewe, miguu ya kiti cha kinyozi, mgongo wa benchi la mahakama, mikono ya kitanda cha hospitali, kiti ambacho ukikikalia kinaguna, ukiinuka kinabaki na kipande cha gauni lako, na dada, jamani, alikichukia kuliko mawifi zake, ambao wapo hapa na watatusamehe. Walijaliwa watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, waliorithishana sare moja ya shule, ikiwemo sketi.

Mwaka 1985, mume akiwa safarini, dada alimuuzia kiti mnunuzi wa vitu chakavu, akashusha pumzi, na kabla mwezi haujaisha mume akaingia akihema, kiti begani, kimepakwa rangi ya kijani, akisema mke wangu, leo nimebahatika, nimepata pacha wa kile kiti chetu kilichopotea. Miaka kumi baadaye dada akakigawa kwa zahanati ya mbali, kikarudi kimevaa kitambaa cha maua, na hadi leo hatujui kama marehemu hakujua au alijifanya hajui, maana hakuuliza, na dada naye hakusema.

Januari mwaka huu figo zilianza kumsumbua, akalazwa, na dada, akimwandalia sebule mgonjwa wake atakayerudi, akakiuza kwa mara ya tatu. Tarehe 2 mwezi huu, jioni, marehemu alimshika mkono akamuuliza, kiti changu kipo, dada akajibu kipo, baba watoto, kinakungoja, naye akatabasamu, akafumba macho, hakuyafumbua tena. Tangu hapo dada hakula, hakulala, hakulia, akawa anarudia tu kwamba amemuaga mumewe kwa uongo, na hakuna aliyeweza kumtuliza.

Jana asubuhi wenzake wa kiwandani walileta rambirambi kwa lori, wakaishusha, ni kiti, kimepigwa msasa, kimevaa ngozi nyeusi, wakaeleza kwa heshima zote kwamba kilirudi na mzigo wa viti vibovu wa wiki iliyopita wakaitambua kazi ya Bwana Kirudi. Sisi mashemeji tukatafuta pa kujificha, dada akaangua kicheko hadi watu wakadhani amerukwa na akili, kisha akakikalia, kikaguna, akalia kilio chote alichokuwa amekizuia, akisema kipo, baba watoto, kumbe kweli kipo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani mliotuazima sufuria na maturubai, ambayo mtarudishiwa, hilo halina mjadala, na kiwanda kwa lori na kwa kile mlichokileta bila kujua.

Shemeji, kiti tumekuja nacho hapa kaburini, dada amekikalia pale mbele, na tumekubaliana asiinuliwe na mtu. Pumzika kwa amani.