Mito Arobaini Inasubiri Bei ya Usafiri

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meneja wa ofisi ya vifurushi, mwenye nyumba uliyetuazima ukumbi, wanakikundi, na majirani mliokuja kuchungulia tu kuna nini: karibuni, ingieni ndani, jambo la watu halisikilizwi mlangoni.

KARIBU YETU

Mgeni rasmi, tangu Jumatatu habari ya ujio wako imezunguka mtaani hadi waliohama wakapiga simu kuuliza. Ahsante kwa kuja mwenyewe, hukutuma barua. Tumezoea kukuona nyuma ya kioo. Leo tumehakikisha kwamba una miguu.

TULIKOTOKA

Tuko kumi na wanane: washonaji, mfinyanzi, fundi viatu, na ndugu wawili wauza vitabu vya zamani ambao hawasemezani ila wanatumia selotepu moja. Tunauza mtandaoni kwa picha za simu. Kuuza tulijua. Kilichotushinda ni pale kwenye ukurasa wa duka panapouliza: usafiri bei gani? Tulijaza kwa kukisia. Mfinyanzi wetu alipima chungu kikiwa uchi kwenye mizani ya jikoni, akaandika bei, ndipo akakivisha magazeti, matambara na maboksi mawili. Kilipofika dirishani kwako kilikuwa kimenenepa kama bwana harusi. Tofauti akaibeba yeye, na faida ikaondoka na gari.

MAFANIKIO

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nasi ulimwengu umetufunza. Kila Alhamisi tunakutana kwa fundi viatu, kila mtu na mzigo wake uliokwisha fungwa, hadi karatasi ya anwani juu. Kwanza wote wanakisia bei. Kisha mzigo unapimwa, mizani mwanzo, futi baadaye: urefu, upana, kimo. Aliyekosea kuliko wote anafagia. Fundi viatu amefagia chumba chake mwenyewe wiki nne mfululizo, na hatuoni haya kumtangaza.

CHANGAMOTO

Hapa, mgeni rasmi, tunaomba sikio lako lote, maana ni habari ya mwenzetu, Mama Mito, yule wa safu ya mbele mwenye kitambaa cha kijani, anayetazama dari kana kwamba hatumjui.

Mama Mito anashona mito ya kulalia. Mara ya kwanza aliuweka mto kwenye mizani, mshale haukutikisika, akafurahi, akaandika bei ya usafiri ndogo kabisa. Dirishani karani akatoa futi.

"Mama, huu hatuutozi kwa kilo. Huu unakula nafasi."

"Unakula nafasi vipi, mwanangu, na ndani ni pamba tupu?"

"Gari halijui pamba, mama. Gari linajua boksi."

Hilo alilipokea. Akajifunza kuibana mito mpaka mitano ikaingia boksi moja, akalituma kupitia dirisha la kwanza. Wiki iliyofuata akaja na boksi lenye kipimo kile kile, mji ule ule. Karani wa dirisha la pili akataja bei nyingine.

"Lakini dada wa dirisha la kwanza alinitajia chini ya hapo!"

"Basi nenda kwa dada."

Dada siku hiyo hakuwepo. Dirisha la tatu likatoa bei ya tatu. Kumbe jedwali la bei liko moja tu, ndani ya droo, limekatwakatwa kwa kalamu, na kila karani amelikariri kivyake. Hatumlaumu mtu. Makarani wako ni wacheshi, na mmoja ni mkwe wetu.

Ila mzigo ulimwangukia Mama Mito. Mara mbili amelazimika kumwomba mteja aongeze usafiri baada ya kuuza, na mara mbili ameshitakiwa kwa wenye soko la mtandaoni. Wamemwandikia: lalamiko la tatu, duka linafungwa. Duka hilo ndilo linalomtunza yeye na mama yake mzazi, ambaye ana mwaka wa pili hainuki kitandani. Na sasa imekuja oda ya mito arobaini ya nyumba ya wageni, mbali. Wanataka bei ya usafiri leo kabla ya saa sita mchana. Akitaja ndogo, ameshona bure. Akitaja kubwa, wanahamia kwa mwingine. Akitaja halafu akabadilisha, kwaheri duka. Alituambia, "Mimi nikisimama nitalia, niandikieni." Tumeandika.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatuombi upunguze bei. Wapo waliotaka, tukapiga kura, wakashindwa. Bei ni yako, tunaomba ijulikane. Jedwali litoke kwenye droo, libandikwe ukutani upande wetu wa kioo. Mizani nayo igeuzwe uso, tuone wote.

Ombi la mwisho tunaliombea radhi, maana si adabu kumpa mgeni kazi kabla ya chai. Nyuma ya kiti chako kuna maboksi manane ya kipimo kimoja. Ndiyo ile oda. Sasa ni saa tano kasorobo. Tunaomba uinuke, upime boksi moja kwa mkono wako, uandike bei na utie sahihi, ili dirisha lolote liiheshimu.

Mungu akuzidishie afya, awape makarani wako kauli moja, na magari yako yafike salama na yote yaliyomo. Futi hii hapa, mgeni rasmi. Mama Mito atakushikia ncha ya pili.

Ni sisi,
Kikundi cha Wauzaji Fungasha Kwanza