Tumbo la Tangi na Moyo Wake

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kinyozi, na kinyozi mwenyewe ni mimi. Wananiita Tangi, na hawajakosea: mteja akikaa kwenye kiti changu, tumbo humfikia kwanza, mashine hufuata. Nyuma ya kichwa namnyoa kwa kuhisi. Wanaokaa benchini kila jioni ni Breki, dereva wa teksi ambaye safari zake nyingi huishia hapo hapo. Wakili, fundi rangi ambaye hajasoma sheria hata ukurasa mmoja lakini hajawahi kukubali kushindwa kesi. Na Mama Kahawa mwenye birika, ambaye ulimi wake una moto kuliko mkaa wake. Jioni hiyo kesi ilikuwa yangu. Majuma machache nyuma nilikuwa katikati ya kumnyoa mtu, pumzi ikakatika, nikamwomba anipishe kiti. Akasimama na nusu ya nywele zake, mimi nikakaa natokwa jasho, mkono kifuani. Hospitali wakaniambia presha iko juu na moyo umeanza kutanuka kwa kuzidiwa na kazi. Kupunguza kula nilishajaribu mara nyingi. Kila nilichopunguza kilirudi na wageni. Basi kesho yake baada ya jioni hiyo nilikuwa naenda kupasuliwa, tumbo lipunguzwe.

Nikawaambia wenzangu.

— Tumbo? — Breki akauliza. — Si ulisema moyo ndio unaokusumbua?

— Moyo ndio.

— Sasa mbona wanakata tumbo? Gari ikigoma kuwaka, wewe unabadilisha viti?

— Daktari anasema mwili ukipungua, moyo nao unapumzika. Sasa hivi unafanya kazi ya watu wawili kwa mshahara wa mmoja.

Hilo la mshahara nililiongeza mwenyewe.

Wakili akaweka kikombe chini, ishara kwamba mahakama imeanza.

— Usiache mbachao kwa msala upitao. Tumbo hilo mmetoka nalo mbali.

— Hiyo methali imeingilia wapi? — Mama Kahawa akauliza.

— Imeingilia mlangoni. Tumbo na moyo ni majirani, ukuta wao mmoja. Ukibomoa kwa jirani, nyumba yako inapata nyufa. Mimi napaka rangi, nyufa nazijua.

— Mimi naogopa jingine, — Breki akasema. — Likishakatwa, pale panabaki nafasi. Moyo si utashuka?

— Ushuke uende wapi? — Mama Kahawa akauliza.

— Ukae pale pale. Tutakuwa tunamsikiliza mapigo kitovuni.

Nilicheka mpaka benchi likalalamika. Ila nikiri, hilo la moyo kushuka nililifikiria kidogo.

— Nyie hamjaona kubwa lake, — Wakili akaendelea. — Moyo uliotanuka ni moyo mkubwa. Ndiyo sababu Tangi ana huruma na kahawa anatununulia. Wakiurudisha udogo, tumepata kinyozi mchoyo.

— Kumbe mnalilia kahawa, — Mama Kahawa akasema.

— Tunamlilia rafiki, mama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Kuinama ndiko kulikonishinda, — nikamjibu. — Cha mvunguni kwangu sijakiona miaka.

Walipomaliza kucheka nikawaambia na yale mengine. Kwamba daktari hakunificha: upasuaji una hatari zake, na nikitoka nitakula kidogo kidogo, nitameza vitamini na kurudi kupimwa maisha yangu yote. Lakini kukaa hivi hivi nako kuna hatari. Kaka yangu mkubwa alikuwa na umbo hili hili. Alisimama apokee simu, akaanguka kabla hajasema haloo.

Breki akajaribu kunifariji.

— Labda ile simu ilikuwa na habari mbaya.

— Nilipiga mimi, — nikasema. — Nilikuwa namsalimia tu.

Hapo ndipo mke wangu alipotokea, bado amevaa aproni ya kazini, maana ni mpishi wa shule. Kijiwe huwa anakipita kwa salamu. Siku hiyo akasimama.

— Karibu, shemeji, — Wakili akasema. — Tunamshauri mgonjwa wetu.

— Nimewasikia tangu kule kona. Mmeusema moyo wake wote mkaumaliza. Na mimi naomba kuuliza.

— Uliza tu, shemeji.

— Kesho yeye atakuwa amelala, hajui lolote. Mimi nje ya mlango wa chumba cha upasuaji nitakaaje?

Wakili akaokota kikombe chake, mahakama ikafungwa. Breki akageuza funguo zake kana kwamba ni za gari la mtu mwingine. Na mimi je? Majuma yote yale nilimuuliza daktari habari za moyo wangu. Wa mke wangu sikuwa nimeuliza hata mara moja. Mama Kahawa akainamisha birika, likatoa mashapo ya kahawa tu. Nikanyanyuka, tukaenda nyumbani.

Nilipasuliwa, nikaamka. Siku za mwanzo nilikunywa supu kwa kijiko cha mtoto na kujihurumia kama yatima. Leo nimepungua, ngozi bado inasubiri mwenyewe arudi. Presha imeshuka, vidonge vimepunguzwa, na kipimo cha mwisho kimeonyesha moyo haufanyi kazi kwa shida kama zamani. Daktari hakuniahidi kuishi milele, ila ngazi za kliniki nazipanda bila kumwomba mtu anipishe kiti. Nyuma ya vichwa vya wateja sasa napaona. Wateja wa zamani nawaomba radhi.

Juzi tukiwa mezani, sahani yangu ikiwa na chakula cha kumtosha kuku, nikamuuliza mke wangu:

— Ile siku, pale nje ya mlango, ulikaaje?

— Ningekaa saa ngapi? Breki na Wakili walifika kabla sijapata kiti, Mama Kahawa nyuma yao na birika. Wakabishana kama mtu akilala moyo nao unalala, mpaka muuguzi akawafukuza waende uani.

Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniambia.

— Na wewe ukabaki peke yako?

— Nikawafuata, — akasema. — Nilitaka kujua nani atashinda.