Nafasi Mbili za Wazazi

COSTANSIA: Haloo? Nani mwenzangu?

JOANITHA: Ni mimi mama, Joanitha. Shikamoo.

COSTANSIA: Marahaba. Namba hii siijui.

JOANITHA: Ya mwenzangu wa darasani. Yangu haina kitu. Umeamkaje?

COSTANSIA: Mimi nimeamka, mgongo bado umelala. Ngoja nipande kichuguuni, huku kwenye migomba mtandao— [mkwaruzo] —unanipata?

JOANITHA: Nakupata. Bado mnachuma kahawa?

COSTANSIA: Mnachuma na nani? Tangu baba yako Cleophace afe kibanja chote kiko juu ya mikono hii miwili. Haya, Kijerumani kinapanda huko Bukoba?

JOANITHA: Kinapanda, kinashuka. Mama, nimepata fomu ya chuo cha uuguzi, ya Ujerumani. Kuna sehemu imeandikwa Eltern.

COSTANSIA: El-nini?

JOANITHA: E, L, T, E, R, N.

COSTANSIA: Mbona herufi za mwishoni zimebanana hivyo? Maana yake?

JOANITHA: Wazazi.

COSTANSIA: Haya.

JOANITHA: Mwalimu Ambrose wa Kijerumani anasema neno lenyewe ni la wingi, la mmoja hawana. Chini yake kuna nafasi mbili. Wanataka walio hai, wenye simu.

COSTANSIA: Si unijaze mimi?

JOANITHA: Ndiyo nakupigia. Cheti cha ubatizo kinasema mama Costansia, baba Cleophace. Cha kuzaliwa, kile ulichonitumia na basi kwenye bahasha uliyobandika gundi pande zote—

COSTANSIA: Gundi ya kuzuia mvua.

JOANITHA: —kinasema mama ni Nikuze. Kwa baba pana mstari.

COSTANSIA: Karani huyo. Wanakosea sana wale, hata jina la—

JOANITHA: Mama.

COSTANSIA: —la marehemu babu yako walilikosea.

JOANITHA: Mama. Mama mdogo Nikuze. Wa Kamuli.

COSTANSIA: [mkwaruzo] Sikusikii.

JOANITHA: Unanisikia.

COSTANSIA: Nimechoka, Joanitha.

JOANITHA: Najua.

COSTANSIA: Hujui. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na saba. Kashika mimba nyumbani kwa baba yetu, mwanamume hataki kumtaja. Kanisani wakamtenga. Benchi la nyuma, meza ya Bwana haigusi. Na mtoto wa aliyetengwa habatizwi mpaka mama atubu mbele ya watu. Hapo wewe una wiki tatu, degedege inakupeleka huku na huku...

JOANITHA: Mkaogopa.

COSTANSIA: Ungekufa bila jina! Mimi na Cleophace tulikuwa na ndoa. Tukakubeba mpaka mbele. Mchungaji akauliza, wazazi ni nani? Tukasema sisi. Alijua yule, kijiji kizima kilijua. Akainamia kitabu chake, akaandika.

JOANITHA: Na yeye?

COSTANSIA: Benchi la nyuma. Maziwa yamelowesha gauni mpaka kiunoni.

[Upepo kwenye simu.]

JOANITHA: Kwa nini hukunirudisha?

COSTANSIA: Ulipona. Ukaanza kucheka. Mimi sikujaliwa wa kwangu, mwanangu, ndiyo kwanza nyumba yangu inasikia kicheko. Alipoolewa Kamuli alikuja kukuomba. Alikuja mara mbili. Nikamwambia mtoto ameshazoea. Aliyezoea ni mimi.

JOANITHA: Usilie, mama.

COSTANSIA: Nani analia? Jasho hili. Sikiliza, andika Nikuze. Andika kama cheti kinavyosema, wasije wakakurudisha uwanja wa ndege kwa ajili ya uongo wangu. Andika, mimi nipo.

JOANITHA: Nimeshaandika. Fomu niliituma jana.

COSTANSIA: Jana! Sasa unaniuliza nini saa hizi, nimeacha kahawa inamwagika?

JOANITHA: Nilitaka nisikie kwako kabla sijaondoka. Mama mdogo aliniambia nikiwa kidato cha pili.

COSTANSIA: Nikuze... alikwambia?

JOANITHA: Akasema nisikuulize. Akasema, dada akichoka kubeba, atatua mwenyewe.

COSTANSIA: [kwa sauti ndogo] Miaka yote hiyo. Na Krismasi anakuja, anakula kwangu, ananiosha vyombo.

JOANITHA: Mama, dakika zinaisha, nasikia zinalia—

COSTANSIA: Nenda basi. Nitakwenda Kamuli Jumapili. Sijui nitaanzia wapi, lakini nitakwenda.

JOANITHA: Subiri! Ile nafasi ya pili.

COSTANSIA: Ya baba? Si ulisema pana mstari?

JOANITHA: Mstari uko kwenye cheti. Kwenye fomu hawakuandika mama, hawakuandika baba. Wameandika wazazi, nafasi mbili. Ya kwanza Nikuze. Ya pili nimekujaza wewe.

COSTANSIA: Wee! Wanawake wawili? Wazungu watasemaje?

JOANITHA: Nimebandika karatasi ya maelezo, Mwalimu Ambrose kaisahihisha. Wakiuliza nitawajibu, si ndiyo Kijerumani ninachosomea?

COSTANSIA: Joanitha...

JOANITHA: Mama, inakati—

COSTANSIA: Costansia umeandika kwa C? Si K, eh? Haloo? Kwa C, mwanangu. Haloo?